Pombe Ikipikwa Huenda Wapi?

Wiki mbili zilizopita nililetewa barua na dada mmoja wa hapa hapa Tabata. Hakuipeleka kituoni, alinikabidhi mkononi, maana tunakaa mtaa mmoja na tunakutana kila asubuhi kwenye foleni ya daladala. Ni mjamzito wa miezi sita. Kila Jumamosi mumewe humletea rosti ya kitimoto kutoka baa moja upande wa Relini, naye huila kwa hamu yote ya mimba. Siku moja alipita mwenyewe kuichukua, na mpishi akamjuza siri ya utamu wake: chupa nzima ya bia humiminwa sufuriani, na mwisho kabisa huongezwa Konyagi kidogo "ili nyama iamke". Dada akashtuka. Mpishi akamtuliza: "Usihofu shemeji, pombe ikipata moto inakufa." Aliporudi nyumbani, wifi yake akamwambia amekwisha kumlewesha mtoto tumboni. Barua yake inamalizia hivi: "Kaka, kati ya hawa wawili nani mkweli?"

Watu wa Tabata tuna desturi ya kuuliza maswali ya kile tunachoingiziwa mwilini. Mwaka 1988 wakazi wa hapa walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Jiji kwa sababu ya moshi na uvundo wa jaa la taka, na wakashinda. Swali la dada huyu nalo linahusu moshi, ingawa ni wa aina nyingine.

Kama unataka kujua pombe ikipata moto inakwenda wapi, usimwulize mpishi wa baa, mwulize mpika gongo. Sheria iliyopiga marufuku kutengeneza gongo bila leseni ilipitishwa mwaka 1966, na hata katika maandishi yake ya Kiingereza kinywaji hicho kimeitwa kwa jina letu la Kiswahili, "moshi". Waliolitunga jina hilo walikuwa wameona kazi inavyofanyika: pipa la kangara juu ya moto, mrija unaopita kwenye maji baridi, na tone moja moja likidondoka kwenye chupa. Moto hauiui pombe, unaihamisha tu. Laiti ungeiua, polisi wetu wasingekuwa na mtu wa kukamata.

Mpika gongo anajua jambo la pili ambalo mpishi wa rosti halijui. Pombe huchemka katika joto la nyuzi 78 hivi, na maji katika nyuzi 100, lakini hayo mawili yakishachanganyika hayaachani kama mchele na chuya. Hupanda pamoja katika mvuke, pombe ikitangulia kwa wingi, maji yakifuata. Ndiyo maana matone ya kwanza ni makali na ya mwisho ni maji matupu, na ndiyo maana kazi hiyo huchukua saa nyingi. Sasa rosti inayopikwa nusu saa itaimaliza pombe yote kwa miujiza gani?

Wataalamu wa lishe wa Marekani walilipima jambo hili kwa vyombo vya maabara na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Walipika vyakula mbalimbali vyenye divai na pombe kali, wakapima kilichobaki. Chakula kilichotiwa pombe kikiwa cha moto na kuondolewa jikoni papo hapo kilibaki na asilimia 85 ya pombe yake. Kilichowashwa moto juu yake, kama wafanyavyo wapishi wa hoteli kubwa kuwafurahisha wageni, kilibaki na asilimia 75. Baada ya robo saa ya kuchemka zilibaki kama asilimia 40, baada ya nusu saa 35, baada ya saa nzima 25. Hata baada ya saa mbili na nusu hazikuisha: zilikuwepo asilimia 5. Chungu kipana kilipoteza zaidi kuliko chembamba, kwa kuwa mvuke ulipata njia.

Tupige hesabu ya sufuria ya yule mpishi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye ukali wa asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi. Ikichemka nusu saa zinabaki kama 9. Watu watano wakigawana rosti hiyo, kila mmoja hapati hata mililita 2. Hicho ni kidogo sana, na wifi alitia chumvi mno aliposema mtoto amelewa. Balaa liko kwenye ile Konyagi ya mwisho. Ukali wake ni asilimia 35. Ukimimina mililita 100 na kuacha miali iruke kidogo, robo tatu inabaki nyamani: mililita 26, zaidi ya chupa nzima ya bia ambayo haikupata moto kabisa. Kwa hiyo kile kiasi kidogo cha "kuamsha nyama" kinaizidi bia yote iliyochemka chini yake.

Hapo mtu atauliza, na ana haki: kwani nani aliyesema pombe inamdhuru mtoto tumboni? Bibi zetu hawakunywa? Walikunywa. Na elimu hii ni changa kuliko watu wanavyodhani. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba mama yake Samsoni alikatazwa divai na kileo, lakini waganga wa hospitali hawakuishika habari hiyo kwa karne nyingi. Hadi katikati ya karne ya 20 wengi wao waliamini kwamba kondo la nyuma ni ukuta usiopitisha sumu. Imani hiyo ilipata pigo mwaka 1961, dawa ya usingizi iitwayo thalidomide ilipoondolewa madukani Ulaya baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Dk. Fritz Fuchs wa New York alikuwa akiwatundikia wajawazito dripu za pombe ili kuzuia uchungu usije kabla ya wakati, na njia hiyo ilifuatwa katika hospitali nyingi hadi miaka ya 1970. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakiokoa mimba kwa walichokijua.

Mwaka 1968 daktari wa watoto katika mji wa Nantes, Ufaransa, jina lake Paul Lemoine, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Aliona wanafanana nyuso kama ndugu ilhali si ndugu, wamedumaa, na akili zao zinachelewa. Aliandika kwa Kifaransa katika jarida la jimboni, na dunia haikumsikiliza. Miaka mitano baadaye, Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza hali hiyo hiyo kwa watoto wanane tu, lakini kwa Kiingereza na katika jarida la The Lancet la London, na ndipo ugonjwa ukapata jina. (Mambo ya lugha ya nani inasikilizwa tutayazungumza siku nyingine.) Mwaka 1981 mganga mkuu wa Serikali ya Marekani aliwashauri wajawazito wasinywe kabisa, na kuanzia Novemba 1989 kila chupa ya pombe nchini humo ilipaswa kubeba onyo.

Sababu yenyewe ni nyepesi kueleza. Pombe huvuka kondo la nyuma bila kizuizi, na ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuivunja kama la mama. Mama akishapata nafuu, mtoto bado anayo. Hakuna aliyeweza kupima ni kiasi gani kisichodhuru, na kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kutokunywa kabisa.

Kwetu takwimu nzuri zinatoka Kilimanjaro. Hospitali ya KCMC, Moshi, huweka daftari la uzazi kwa ushirikiano na Wanorwe, na watafiti walilichambua kwa miaka ya 2000 hadi 2010. Mwaka 2000 karibu nusu ya akina mama waliojifungua hapo walisema walikunywa pombe wakiwa wajawazito. Kufikia 2010 walikuwa kama mmoja kati ya watano. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa miaka kumi, katika nchi ya mbege, ambako ndizi na ulezi vikishaumuka huhesabiwa kuwa chakula na hakuna ugeni wala mahari bila kata. Mkwe anapokupa kata huwezi kuisukuma hivi hivi. Walioacha walipaswa kupata maneno ya kumwambia mkwe, na sidhani kama yalipatikana kwa urahisi.

Nilimjibu dada kwamba alichokwisha kula kisimkoseshe usingizi, ila bia ya glasi na Konyagi ya juu ya nyama aviache mpaka ajifungue, na kliniki awaeleze mambo yote bila kuficha. Kuhusu mpishi, nilimwambia amwombe sufuria ndogo ya pembeni.

Mpishi alinung'unika kidogo, kisha akakubali kwa sharti kwamba shemeji alete ndimu zake mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilimwona mumewe akivuka reli na vifuko viwili, kimoja kimefungwa fundo jekundu ili visichanganywe.