Ben Affleck ni nani, na alifuata nini Congo ya Mashariki?

Vijana wa Goma wanaopenda filme wanamjua kama Batman. Wakubwa kidogo wanamkumbuka katika Armageddon na Pearl Harbor, zile filme zilizozunguka sana katika vyumba vya video. Lakini kuna watu katika kambi za wakimbizi za Kivu ya Kaskazini waliomuona kwa macho mwaka wa 2008, wakamuhesabu kuwa muzungu mwingine mwenye kamera. Ni mtu mmoja. Anaitwa Ben Affleck, na kati ya waigizaji wakubwa wa Marekani, ni wachache waliofuata mambo ya Congo ya Mashariki kwa muda murefu kama yeye.

Mtoto wa mwalimu

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1972 katika mji wa Berkeley, jimbo la California, lakini alikomalia Cambridge, mji ulio pembeni ya Boston. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alipenda mchezo wa kuigiza ila alikuwa mtumwa wa pombe, na wazazi waliachana Ben akiwa angali mtoto. Mdogo wake Casey naye akawa mwigizaji, na mwaka wa 2017 akapata Oscar, zawadi kubwa kupita zote katika sinema ya Marekani.

Katika mtaa huohuo kulikuwa kijana mwingine, Matt Damon. Wawili hao walisoma shule moja na walienda pamoja kujaribu bahati ya kuigiza. Ben alianza angali mdogo, katika kipindi cha televizio cha kufundisha watoto sayansi, The Voyage of the Mimi, mwaka wa 1984. Kisha kwa miaka mingi alipata nafasi ndogondogo tu.

Kupanda, kuanguka, kurudi

Walipochoka kungojea nafasi nzuri, Ben na Matt wakaamua kujiandikia filme yao wenyewe. Ikaitwa Good Will Hunting, ikatoka 1997. Ni hadisi ya kijana anayesafisha chuo kikuu kumbe ana akili kupita wanafunzi wote wa pale. Machi 1998 wakapata Oscar ya mwandiko bora. Ben alikuwa na miaka 25.

Hapo milango ikafunguka. Armageddon (1998) na Pearl Harbor (2001) zikamfanya ajulikane dunia nzima. Lakini mwaka wa 2003 mambo yakageuka. Filme iliyoitwa Gigli, iliyotengenezwa kwa dolari karibu milioni 75, iliingiza kama milioni 7 tu. Magazeti yakaacha kuandika juu ya kazi yake, yakabaki kuandika juu ya uchumba wake na mwimbaji Jennifer Lopez. Wengi walisema amekwisha.

Alirudi kupitia nyuma ya kamera. Mwaka wa 2007 aliongoza filme yake ya kwanza kubwa, Gone Baby Gone, na mwaka wa 2010 akaongoza The Town, zote mbili za mitaa ya Boston anayoijua. Kisha ikaja Argo, mwaka wa 2012: hadisi ya kweli ya Wamarekani sita waliotoroshwa kutoka Iran mwaka wa 1980, wakijifanya watu wa kutengeneza filme. Februari 2013 Argo ilipata Oscar tatu, pamoja na ile ya filme bora ya mwaka.

Maisha ya nyumbani hayakuwa mepesi. Aliolewa na mwigizaji Jennifer Garner mwaka wa 2005, wakazaa watoto watatu, wakaachana 2018. Mwaka wa 2022 alioana na yule Jennifer Lopez wa zamani, nayo ndoa ikavunjika mwanzoni mwa 2025. Ugonjwa wa pombe uliomsumbua baba yake ulimsumbua yeye pia. Aliingia matibabu zaidi ya mara moja, na yeye mwenyewe amesema wazi mbele ya watu. Katika The Way Back, ya mwaka wa 2020, anacheza mwalimu wa basketi anayepigana na chupa.

Njia ya Congo

Kati ya Gigli na Argo, wakati jina lake lilikuwa chini, njo alianza kufuata Congo. Amekwisha kueleza kwamba alikuwa anasoma juu ya mizozo mingine ya Afrika, akakuta mistari michache juu ya vita vya Congo na hesabu ya waliokufa. Alisikia haya kwamba hakuwa anajua kitu. Tangu 2007 akaanza kusafiri huku, kukutana na watu wa mashirika, wanasiasa, waliopigana na waliokimbia. Juni 2008 televizio ya ABC ya Marekani ilipitisha habari aliyoifanya juu ya Congo.

Mwishoni mwa mwaka ule, vita kati ya CNDP na jeshi la serkali vilisukuma watu kwa maelfu kuelekea Goma. Kibati ilijaa wale watu wanaowaita badeplase, chini ya mvua, juu ya mawe ya volkano. Affleck alitengeneza filme fupi katika kambi za Kivu ya Kaskazini kwa ajili ya HCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na wakimbizi. Iliitwa Gimme Shelter, kwa jina la wimbo wa Rolling Stones walioutoa bila malipo, na ilitoka Desemba 2008 kwa kutafuta msaada.

Mwaka wa 2010 alianzisha, pamoja na Whitney Williams, shirika la Eastern Congo Initiative, kwa kifupi ECI. Shirika hilo lina kazi mbili: kusaidia mashirika ya wenyeji kwa pesa, na kutetea Congo ya Mashariki kule Washington.

Mbele ya wabunge wa Marekani

Tarehe 20 Novemba 2012 M23 iliingia Goma, ikatoka mwanzoni mwa Desemba. Wiki hizohizo, tarehe 19 Desemba, Affleck alikaa mbele ya kamati ya bunge la Marekani inayohusika na majeshi, akazungumuza juu ya Congo. Alirudi Februari 2014, safari hii mbele ya kamati ya mambo ya inje ya Seneti.

Kulikuwa waliocheka. Waliuliza: mcheza filme anajua nini juu ya Kivu, wakati kuna Wacongomani waliosoma, wanaoishi vita hivi kila siku? Yeye mwenyewe aliwaambia maseneta kwamba si mtaalamu wa Congo, ni mtetezi. Lakini swali linabaki. Siku ile kamera zilijaa katika chumba sababu yake. Daktari ao mama wa Masisi angeeleza vizuri zaidi, ila si hakika kwamba kamera zingekuja.

Kahawa na kakao

Sehemu ya kazi ya ECI inayogusa mfuko wa mkulima ni kahawa na kakao. Kwa miaka mingi wakulima wa kandokando ya ziwa Kivu, Minova, Kalehe na Idjwi, hawakuwa na vituo vya kutosha vya kuosha kahawa wala wanunuzi wa bei nzuri. Wengi walivusha mifuko usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na kuna waliozama pamoja na mavuno yao. Njia ilikuwa kusaidia vyama vya wakulima watoe kahawa safi na kuwaunganisha na mnunuzi wa mbali. Kampuni ya Starbucks iliingia katika mpango huo, na Machi 2015 Affleck alienda tena Seneti, siku moja na tajiri Bill Gates, kueleza juu ya msaada kwa inchi kama Congo.

Upande wa kakao, kampuni ya Theo Chocolate ya Seattle ilianza kununua kutoka wakulima wa Beni. Lakini tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF yaliingia mpaka ndani ya mashamba ya Beni. Mnunuzi anaweza kuwa tayari na bei ikawa nzuri, kisha mkulima akaogopa kwenda kuvuna. Hapo jina la mwigizaji halina nguvu.

Leo

Affleck angali anafanya kazi. Mwaka wa 2022 alianzisha na Matt Damon kampuni ya filme, Artists Equity, na 2023 akaongoza Air. M23 nayo ilirudi Goma Januari 2025. Yote yaliyosemwa Washington kuanzia 2012 hayakuzuia jambo hilo, na wanaomlaumu wanalitaja. Wanaomtetea wanajibu kwamba kusimamisha vita haikuwa kazi ya mwigizaji, ilikuwa ya wale aliokuwa anaongea mbele yao.

Wakati huohuo hadisi za Kivu hazingojei Hollywood. Hapa Goma, kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filme Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana kushika kamera na kuonyesha filme zao mbele ya wakaaji wa mji, katika tamasha la Salaam Kivu, lililokuja kuitwa Congo International Film Festival. Affleck naye alianza hivyo: vijana wawili wa mtaa mmoja waliochoka kungojea, wakaandika hadisi ya mahali wanapopajua.