Daftari la Madeni katika Njia Panda: Maadili ya Kiislamu, Mila za Wenyeji na Hesabu za Wafanyabiashara Wadogo wa Nyakanazi

Nyakanazi, katika Wilaya ya Biharamulo, ni mahali ambapo barabara itokayo Kigoma kupitia Kibondo na Kakonko huungana na ile itokayo Isaka na Kahama kuelekea Ngara na mpaka wa Rusumo. Katika mji wa njia panda kama huu, mwenye duka anayetunza daftari la madeni pekee, bila kitabu cha mauzo wala cha matumizi, huhesabiwa kuwa hana hesabu. Insha hii inatetea hoja kwamba hesabu anazo, ila zinajibu swali jingine. Vitabu vya mhasibu huuliza biashara imepata nini. Daftari la madeni huuliza nani ana haki kwa nani. Swali hili la pili lina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita katika nchi hii hii.

Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Kaze, penye Tabora ya leo, kwenda Karagwe ilikatiza Usui, nchi ambayo sasa imo katika eneo la Biharamulo na Ngara. John Hanning Speke alipopita hapo mwaka 1861, mtawala wake, Suwarora, alimtoza hongo. Mbele zaidi, huko Kafuro katika Karagwe, palikuwa na makazi ya wafanyabiashara wa pwani. Sehemu kubwa ya biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo: matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, walitoa mtaji na bidhaa, nao wasafiri walilipa kwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi, pengine miaka. Biashara ya masafa hayo haikuwezekana bila deni, wala deni halikuwa salama bila kumbukumbu. Haishangazi basi kwamba maneno daftari, hesabu, deni, rehani, amana, faida na hasara yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu.

Pamoja na maneno hayo yalikuja maadili. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza kwamba deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe. Aya hiyo hiyo inaondoa lawama ya kutoandika biashara ya mkono kwa mkono. Mgawanyo huu unalingana sana na daftari la dukani: kilichokopwa huandikwa, kilicholipwa papo hapo hakiandikwi. Aya ya 280 inahimiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na katazo la riba linamzuia mwenye duka Mwislamu kuongeza deni kwa sababu tu limechelewa kulipwa. Tena, Sura an-Nisaa inatanguliza malipo ya deni kabla ya kugawa urithi. Ndiyo maana katika maziko ya Waislamu jamaa hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu, au mwenye kudaiwa naye, ajitokeze. Siku hiyo daftari huwa shahidi wa mtu asiyeweza tena kusema. Hesabu ya mwaka nayo ina nafasi yake kupitia zaka: mali ya biashara iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka wa mwandamo hukadiriwa thamani, kisha hutolewa asilimia 2.5.

Hata hivyo, dini peke yake haitoshi kueleza hali ya Nyakanazi, kwani katika wilaya hizi Wakristo ni wengi kuliko Waislamu. Wenyeji walikuwa na mikataba yao. Katika Buha na Burundi, nchi zinazopakana na eneo hili kwa ardhi na utamaduni, mfumo wa ubugabire ulimfunga mpokeaji wa ng'ombe kwa mtoaji kwa miaka mingi bila hati, kwa nguvu ya kumbukumbu na ushahidi wa watu. Mkopo wa siku hizi uitwao mali kauli, yaani bidhaa inayochukuliwa kwa ahadi ya kulipwa ikishauzwa, unafanana na mkataba wa namna hiyo: dhamana yake ni jina la mtu. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu huandika daftari la namna moja.

Serikali nazo zilichangia hali hii. Wakati wa utawala wa Waingereza, sheria ya mikopo iliwazuia wafanyabiashara wasio Waafrika kumdai Mwafrika mahakamani pasipo kibali kilichoandikwa. Mkopo mdogo ukabaki kutegemea neno. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini, na kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iligeuza shehena ya bidhaa kuwa ushahidi wa kosa. Katika mazingira hayo, kuandika faida kulikuwa kujitia hatarini. Kuandika deni kulikuwa kujilinda.

Haifai, hata hivyo, kulisifu daftari hili kupita kiasi. Haliandiki sukari na mafuta yanayochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani, wala ada ya shule inayotolewa kwenye mtaji. Duka linaweza kufa huku kila deni limeandikwa sawasawa. Aidha, utaratibu wa kodi ya makadirio huwatofautisha wenye kumbukumbu na wasio nazo, na asiye nazo hubeba hasara ya kukadiriwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafunzo ya uhasibu yanayoanza kwa kumwambia mwenye duka kwamba hana hesabu humtaka atupe chombo anachokiamini. Yangeanzia penye daftari lake: kando ya madeni ya majirani, aandike pia deni la nyumba yake mwenyewe kwa duka, na makadirio ya zaka yawe mfano wa kuhesabu bidhaa kila mwaka. Kilichoandikwa kwa ajili ya haki za watu kingeweza hivyo kumwonyesha mwenyewe iwapo duka lake linakua au linaliwa.