Askari na Mtaro: Historia ya Molekuli za HLA

Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani Pumwani, Nairobi. VVU viliwapata wengi wao. Hata hivyo, miaka ikapita na wachache wakawa kila wakipimwa hawana virusi, ingawa hatari waliyokabiliana nayo ilikuwa ileile. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ilikuwa imeanza kutafutwa nusu karne kabla, tena kwa panya. Katika miaka ya 1930 jijini London, Peter Gorer aligundua kwamba panya hukubali au hukataa uvimbe waliopandikizwa kufuatana na alama fulani ya kurithi. Mwaka 1958, jijini Paris, Jean Dausset akaeleza alama ya namna hiyo kwenye chembe nyeupe za damu ya binadamu. Alama hizo leo zinaitwa HLA, na madaktari huzilinganisha kabla ya kumpandikiza mgonjwa figo.

Lakini mwilini zina kazi gani? Mwaka 1974, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel wa Canberra, Australia, walitangaza jibu. Walikuwa wamechukua seli T, askari wa kinga ya mwili, za panya aliyeambukizwa virusi, wakaziweka pamoja na seli nyingine zenye virusi hivyohivyo. Seli za panya wa ukoo wake ziliuawa. Za ukoo mwingine ziliachwa. Kumbe seli T haitambui kirusi peke yake, bali kirusi kikiwa kimeshikwa na alama ya kwao. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Mwaka 1987, Pamela Bjorkman na wenzake wa Harvard walionyesha umbo la molekuli ya HLA, yaani alama hiyo. Juu yake kuna mtaro mwembamba wenye kingo mbili. Seli iliyovamiwa hukatakata protini za mvamizi, kisha hutoa kipande nje kikiwa kimelala ndani ya mtaro huo. Mitaro hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kipande kisipokaa, askari hupita mlangoni asijue kuwa mwizi yumo ndani.

Uzito wa tofauti hizo ulionekana Gambia mwaka 1991. Adrian Hill na wenzake waliripoti kwamba watoto wenye HLA-B53, aina iliyo adimu Ulaya, walikingwa zaidi dhidi ya malaria kali.

Huko Pumwani nako, watafiti walikuta kwa baadhi ya wanawake wale seli T zinazotambua VVU, na mwaka 2000 wakahusisha aina fulani za HLA na kutoambukizwa. Hata hivyo, ngao hiyo haikuwa kamili: baadhi yao waliambukizwa baadaye.

Hakuna mtaro unaoshika kila kimelea. Kila mtoto hurithi aina za mama na za baba, na maelfu ya aina zimeorodheshwa duniani. Ugonjwa unaompita askari wa mmoja huweza kunaswa na wa jirani yake. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya mara nyingi tauni isimalize kijiji kizima.

Elimu hii imejengwa pia kwa damu ya wanawake wa Pumwani, waliorudi kliniki mwaka baada ya mwaka kunyoosha mkono wachomwe sindano, huku jamii ikiwanyanyapaa. Washindi wa Nobel wanapotajwa, nao watajwe kwa heshima.