Wazee wa Afrika Mashariki
Utotoni nilisikia redioni kuhusu "wazee wa Afrika Mashariki", nikadhani ni wazee wa kanda nzima. Kumbe walikuwa wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege wa Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977.

Mwaka 1984 Kenya, Uganda na Tanzania ziligawana mali na madeni ya mashirika hayo. Kila nchi ikabeba pensheni za raia wake. Mabehewa yalipata wenyewe. Mwaka 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ukasainiwa Arusha, na wazee Tanzania bado walikuwa wanadai.

Leo nikiona kampuni ikipiga picha inagawia wazee mchele na blanketi, nawakumbuka wale. Hawakuomba msaada. Walidai jasho lao. Kabla ya kumpa mzee zawadi, mlipe chake.