Taipureta ya Umeme na Baridi ya Mudende

Mwenye kuokota taipureta ya umeme iliyokwisha kunyamaa aghalabu hudhani kuwa umeme ndio uliokufa ndani yake, na kwa dhana hiyo, hapa Mudende nchini Rwanda, huiteremsha mjini Gisenyi kwa fundi wa redio, ambaye hupima nyaya, akakuta mota ni nzima na inavuma, kisha akamrudishia mwenyewe kwa adabu: "Mzee wangu, hii haina maradhi ya kwangu." Naye fundi husema kweli, kwani taarikhi ya chombo hiki, ukiichungua, ni taarikhi ya vyuma vingi vilivyojisitiri nyuma ya umeme mchache.

Tarehe 31 Julai 1961 kampuni ya IBM ya Marekani ilipoidhihirisha Selectric, mashine ambayo umbo lake lilibuniwa na Eliot Noyes, vijiti vya herufi vilivyozoea kunasana mpigaji alipofanya haraka viliondolewa, na mahali pake pakawekwa tufe moja dogo lenye alama 88 katika safu nne, ambalo huinama na kujizungusha hata herufi itakiwayo ikabili karatasi. Ajabu yake ni kuwa katika hayo yote umeme hauna shauri: mota huzungusha mhimili tu, na hesabu ya herufi ipi ije mbele hufanywa na nyenzo, springi na tepe mbili nyembamba za chuma, moja ya kuliinamisha tufe na moja ya kulizungusha. Tepe ya pili ikikatika, mashine huandika upuuzi mtupu ilhali mota yake inaimba.

Hapa Rwanda chombo kama hicho kilikuwa hakina maana pasipo umeme wa kutegemewa, nao mtambo wa maji wa Ntaruka, baina ya maziwa ya Burera na Ruhondo, ulianza kazi mwaka 1959. Mudende ilipopata Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, mwaka 1984, IBM hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuuza kompyuta yake ndogo tangu 1981, na mwaka 1986 Selectric ikaachwa kuundwa. Basi miaka ya chuo hapa iliangukia mwisho wa zama za taipureta. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakakikatiza; kikaanza upya Kigali, na hapa pakawa kambi ya wakimbizi wa Kongo, ambayo katika mwaka 1997 ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba, hata walionusurika wakahamishiwa kambi ya Gihembe. Mkusanyaji wa vitu vya kale na ayajue hayo kabla hajauliza mashine za chuo zilikwenda wapi, mimi siulizi.

Selectric yangu mimi ilitoka kwingineko, na adui yake hapa ni baridi. Mudende iko juu ya mita elfu mbili, chini ya Karisimbi, na kwa unyevu wake chuma hakichelewi kuota kutu. Grisi ya kiwandani nayo, iliyokwisha kuzeeka, imeganda kama asali ya mwaka juzi. Wengi humimina mafuta mapya juu ya hayo ya kale, na kwa kufanya hivyo huzidisha gundi. Dawa ni kuosha kwanza: waya umechomolewa, brashi ndogo na spiriti, kiungo baada ya kiungo, huku mhimili ukizungushwa kwa mkono, mpaka ule wenzo uliokuwa ukisukumwa na kubaki huko huko uanze kurudi wenyewe kwa nguvu ya springi yake, ndipo tone moja la mafuta mepesi litiwe, wala si mawili.

Kisha lipo jambo la mota iliyoundwa kwa matumizi ya Marekani, ya volti 115 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali umeme wetu ni wa mizunguko 50. Transfoma huponya volti, lakini mizunguko haiigusi, na mota huenda pole kwa sehemu moja ya sita. Kwa sababu hiyo mashine za nchi za mizunguko 50 zilitiwa puli kubwa zaidi. Mnunuzi na aulizie puli kabla ya kuulizia rangi ya kasha. Yangu ni safi, tepe zake nzima, nayo ingali inangoja puli.