Nguzo Kumi za Mawe

Nyinyi askari wa jeshi na wa polisi mlio kazini, mataifa mengi hujenga minara ya vita ili kusifu ushindi. Lakini atokaye Nyarutarama akavuka mji hadi mahali palipokuwa Kambi ya Kigali, atakuta mawe yaliyosimamishwa kwa sababu nyingine.

Ni nguzo kumi, zilizozinduliwa mwaka 2000. Kila nguzo ni askari mmoja wa Ubelgiji, mlinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, aliyeuawa kambini humo tarehe 7 Aprili, 1994. Katika kila nguzo imechongwa mikato, na hesabu ya mikato ni miaka aliyoishi askari huyo. Kando yake limeachwa jengo walimojihami hadi mwisho, na kuta zake zina matundu ya risasi.

Usiku wa tarehe 6, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa imetunguliwa. Askari hao kumi, wakiongozwa na Luteni Thierry Lotin, walitumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, aliyetazamiwa kuhutubia taifa kwa redio asubuhi. Walizingirwa pamoja na wenzao watano wa Ghana, wakasalimisha silaha, wakapelekwa kambini. Waghana walitengwa, wakapona. Waziri Mkuu aliuawa asubuhi hiyo hiyo.

Ni nani aliyewaua Wabelgiji hao? Si wahuni wa njiani. Ni askari wenye sare, ndani ya kambi yao wenyewe, waliokwisha kuambiwa kwamba Wabelgiji ndio walioitungua ndege. Uvumi ulipoingia kambini, nidhamu ilitoka. Mwaka 2007 mahakama ya Brussels ilimhukumu Meja Bernard Ntuyahaga kifungo cha miaka 20 kwa mauaji hayo. Sare haikumkinga.

Lakini mawe hayo yanawauliza pia wakubwa waliowatuma. Mdharau mwiba mguu huota tende. Tarehe 11 Januari, 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa jeshi hilo la amani, aliarifu New York juu ya silaha zilizofichwa Kigali, akataka kuzikamata. Alikatazwa. Basi askari walipewa kazi ya kulinda, wakanyimwa ruhusa ya kuzuia.

Baada ya vifo hivyo Ubelgiji iliondoa majeshi yake. Tarehe 11 Aprili askari wake waliiacha shule ya ETO, Kicukiro, walikokimbilia watu wapatao 2,000, na wengi wao waliuawa siku hiyo. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipunguza jeshi la amani hadi watu 270 hivi. Vifo vya askari kumi vikafanywa sababu ya kuwaacha raia wasio na hesabu. Mwaka 2000 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alifika Kigali akaomba radhi.

Ndugu askari, bunduki huwa ngao ya raia pale tu aliyeishika anapokataa uvumi, na aliyemtuma anapompa amri iliyo wazi na uwezo wa kuitimiza. Likikosekana moja kati ya hayo, kazi inayobaki ni ya mwashi: kuchonga mikato, mmoja kwa kila mwaka.