Uwindaji wa Kioo: Habari za Picha za Kale za Wanyama wa Nchi Yetu

Mtu akitoka mjini Arusha kwenda upande wa mashariki, akapita Usa River na kushika njia ya Ngurdoto, huingia katika msitu wa mlima Meru. Akikaa kimya alfajiri kando ya uwazi, aweza kumwona pongo akitoka kula majani: dume mwenye pembe zilizosokotwa, jike asiye na pembe, na madoa meupe ubavuni. Mnyama huyu ni mwoga. Asikiapo mguu wa mtu hubweka kama mbwa, kisha hupotea vichakani. Ndiyo sababu wengi wajao na kamera hurudi na picha ya majani matupu.

Wageni wa Ulaya na Marekani wamwonapo pongo hukumbuka mnyama wa misitu ya kwao, yule ambaye Zaburi humwita ayala. Hawa wawili si wa jamaa moja. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka, akaota nyingine. Pembe za pongo zikiisha kuota hudumu mpaka kufa kwake. Lakini kwa kujificha wamefanana. Wote wawili hupenda kutembea gizani, na kamera bila nuru ni kipofu. Basi tuwaeleze wasomaji wetu jinsi watu walivyoishinda shida hiyo, na ni nani waliosahauliwa katika kushinda huko.

Huko Marekani alikuwako bwana mmoja, jina lake George Shiras, aliyekuwa mwindaji wa bunduki kabla ya kushika kamera. Alijifunza kwa Waojibwa, wenyeji wa nchi ya maziwa makubwa ya Marekani, desturi yao ya kuwinda usiku. Wao walikwenda kimya katika mtumbwi, moto ukiwaka omoni. Ayala aliyekuja kunywa maji aliduwaa akiutazama moto, asikimbie. Shiras alifuata desturi ile ile, ila mahali pa risasi alitumia unga wa magnesi, ambao ukiwashwa hutoa mwanga mkali kama umeme wa radi, ukazimika mara. Mwezi wa Julai 1906 gazeti la National Geographic lilichapa picha zake 74. Ulimwengu ulilijua jina la Shiras. Wale Waojibwa waliomfundisha mbinu hawakutajwa sana.

Katika nchi yetu jina lijulikanalo ni la Mdachi mmoja, Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka 1865 akafa mwaka 1921. Alifika Afrika ya Mashariki mara ya kwanza mwaka 1896, akarudi tena na tena, na safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya 1903 na 1904. Alizunguka katika nyika zilizo kando ya Kilimanjaro na katika nchi ya Wamasai. Njia yake ilikuwa hivi: penye maji, au penye ng'ombe au punda aliyefungwa awe chambo, aliiweka kamera pamoja na unga ule wa mwanga, kisha akatandika uzi njiani. Mnyama alipougusa uzi, unga ulilipuka, na jicho la kamera likafunguka saa ile ile. Hivyo mnyama alijipiga picha mwenyewe. Wakati wa mchana alitumia kioo kivutacho vitu vya mbali, na kwa kioo hicho aliwapata ndovu wawili madume wakitembea pamoja na twiga dume, jambo ambalo wasomaji wa Ulaya walilistaajabia sana.

Mwaka 1905 alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Kwa Mwanga wa Ghafula na kwa Bunduki". Jina hilo halikuficha neno. Bwana yule aliua wanyama wengi, akapeleka ngozi na mifupa katika nyumba za makumbusho za Udachi. Tena mtu huyo huyo aliwaonya wenziwe kwamba wanyama wa Afrika watakwisha wasipohifadhiwa. Hatumwiti mnafiki wala hatumwiti mtakatifu. Watu wa zamani zile walikuwa na mikono miwili, mmoja umeshika bunduki na mmoja umeshika kamera.

Lakini sasa tufikirie kazi yenyewe. Picha za siku zile zilipigwa juu ya vipande vya kioo, vizito, vyepesi kuvunjika. Vililetwa kutoka pwani na mpagazi, na kwa desturi ya misafara mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 60. Kioo kikivunjika, picha imekufa. Kisha kilioshwa kwa maji safi, na nyikani maji hayo hutafutwa mbali. Ni nani aliyeyachota? Ni nani aliyesoma nyayo mchangani, akasema, "Hapa fisi hupita"? Ni nani aliyejua kisima ambacho hakikauki wakati wa kiangazi? Hao walikuwa wapagazi na waongozi, Waafrika wenzetu. Walisimama nyuma ya kioo, na kioo hakitazami nyuma.

Liko jambo la pili lisiloonekana katika picha zile, nalo ni zito kuliko la kwanza. Atazamaye picha za Schillings huona nyika pana, wanyama wengi, wala haoni nyumba wala zizi la ng'ombe. Huweza kudhani kwamba ndivyo nchi ilivyokuwa tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Miaka michache kabla, kuanzia 1890, ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wa Wamasai wasiohesabika. Ndui na njaa vikafuata, na watu wengi wakafa. Nyati nao walikufa kwa sotoka ile ile. Huku Meru, mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Akeri, na majeshi ya Wadachi yakaja kulipiza kisasi juu ya Waarusha na Wameru. Mwaka 1900 boma la Arusha lilisimama, likiwa limejengwa kwa kazi ya shuruti. Nyika iliyoonekana tupu ilikuwa imefiwa. Picha ilisema kweli juu ya simba na twiga, lakini ilinyamaza juu ya watu.

Kunyamaza huko kuna hatari, kwa maana nchi ionekanayo tupu ni rahisi kugawanywa na mgeni. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika Engare Nanyuki, chini ya mlima upande wa kaskazini-mashariki, ili nchi ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulitetea shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1960 Ngurdoto ilifanywa hifadhi, na mwaka 1967 mlima Meru ukaongezwa. Leo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Siku zile Wamarekani nao walikuja Momella kupiga sinema yao iitwayo Hatari, iliyotoka mwaka 1962, na ulimwengu ukawaona wanyama wetu wakikimbia.

Hatusemi kwamba hifadhi ni kitu kibaya. Bila msitu ule, pongo angebaki katika picha tu, na chemchemi za wakulima zingepungua. Twasema hivi: yule mkulima akeshaye katika dungu lake kulinda mahindi anamjua pongo, njia yake na saa yake, kuliko mgeni mwenye kamera bora. Elimu yake ni sehemu ya historia ya mnyama, na isipoandikwa huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo twawapa wanafunzi na wazazi kazi moja. Kama iko nyumbani kwenu picha ya zamani, ya mnyama, ya shamba au ya watu, ichukueni leo kwa mzee aliyekuwako. Mwulizeni ni mahali gani, ni mwaka gani, ni nani aliyesimama pale, na ni nani aliyekuwapo asionekane. Kisha geuzeni picha, mwandike majibu yake nyuma kwa kalamu ya risasi, polepole, msiiharibu. Wapagazi wa Schillings hawakupata mtu wa kuwafanyia hivyo. Wazee wetu bado wanaweza kumpata.